Mto Uliopanda Mlima

Jumatatu, 3 Juni

Bosi kaligawa bonde la kaskazini. Ng'ambo hii nipime mimi, ng'ambo ile apime shemeji, kaka yake mke wangu. Atakayeleta ramani safi ndiye kiongozi wa kikosi. Shemeji awe bosi wangu? Thubutu! Kwa mama mkwe nitakaa wapi, uvunguni?

Shemeji keshaingia matopeni na fimbo yake ya vipimo. Mimi natumia kichwa. Bomba la mafuta linafuata mto kutoka kiwandani hadi daraja la reli, limekaa juu ya miguu ya chuma. Nitatembea juu yake, nipime mwinuko huko huko, kisha nitoe urefu wa mguu wa bomba, nibaki na mwinuko wa ardhi. Jamani, akili hii nimeitoa wapi?

Jumanne, 4 Juni

Kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana! Nimepima mguu mmoja wa bomba, ule wa nyuma ya choo cha kambi, nikautoa urefu huo huo kila mahali. Shemeji kaniona juu kule, akapaza sauti kwamba miguu hailingani, kwenye makorongo ni mirefu kama nyumba. Wivu huo! Nikampungia mkono, nikaenda kulala.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Kompyuta imechora ramani, na mto unapanda mlima. Nimezima, nimewasha. Bado unapanda. Nimeipiga kofi. Wapi!

Alhamisi, 6 Juni

Bosi kaniuliza, kwa upole mbaya kabisa, mto huu unakwenda wapi. Nikasema huenda kiwanda kinausukuma kwa pampu. Ofisi nzima ikaangua kicheko, hata mpishi dirishani. Shemeji hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Angecheka ningemchukia kwa raha zangu.

Basi, kiongozi ni yeye. Mke wangu kapiga simu: hongera kwa kaka, pole kwa mume, kwa pumzi moja. Amri ya kwanza ya kiongozi: nirudie upande wangu wote, chini, kwa miguu.

Jumamosi, 8 Juni

Matope hadi magotini. Kiatu kimoja kimemezwa. Nimeketi juu ya jiwe, nikalia kidogo. Kisha nikainua macho.

Nyaya za umeme! Zinavuka bonde zima, kilima hadi kilima. Shemeji mwenyewe alisema ubaya wa bomba ni miguu. Haya, nimesikia, mimi si mbishi. Waya hauna miguu! Katikati zimelegea kidogo, lakini hilo dogo. Kesho napima kutoka kwenye waya. Shemeji aanze kukipangusa kiti changu.