Mimi, Mwanzilishi wa Mwangaza wa Nzoia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Simu kutoka Bungoma! Kadija, mhariri wa gazeti letu dogo la Mwangaza wa Nzoia, anasema limetimiza miaka arobaini. Mwisho wa mwezi watafunua jiwe mlangoni pa ofisi, lenye jina la mwanzilishi. Shida ni kwamba hakuna anayemjua. Nakala za zamani za ofisini zililiwa na mchwa. Akauliza kama mimi, Kizito Wekoye, muuzaji wao hapa Kitale, nina fununu. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba ni mimi. Jina langu kwenye jiwe! Ngari, anayeuza magazeti ng'ambo ya barabara, anasema ati mwaka wa 1985 nilikuwa darasa la sita, tena nikirudia. Wivu, bana. Ila Kadija anataka kuliona toleo la kwanza.

Jumatano, 11 Juni
Kamukuywa, kulitafuta toleo la kwanza kwa Mama Nakhungu, mjane aliyebandika magazeti kwenye kuta zake za udongo. Jameni! Sijui niandike vipi. Matoleo yote yapo, kutoka sakafuni hadi darini. Arusi, vifo, mipira, bei ya mahindi. Nimesoma saa tatu nzima, shingo imekakamaa. Nimemwona marehemu babangu akituzwa kwa fahali bora! Nililia hapo hapo. Kando ya mlango, toleo la kwanza. Mwanzilishi, mwandishi na msambazaji kwa baiskeli: Phelista Nakhungu. Yeye mwenyewe, ameketi anapukuchua mahindi! Nikamuuliza mbona hajawahi kusema. Akasema hakuna aliyeuliza. Mtu mkubwa hivi, na ananimiminia chai!

Kisha nikamuuliza anaenda sokoni lini. Akasema kesho.

Alhamisi, 12 Juni
Kazi safi. Toleo langu la kwanza nimelichapisha mjini, nikalichovya kwenye chai ya rangi lizeeke. Mama alipotoka kwenda sokoni, nimekoroga uji wa muhogo, gundi ya nyumba hizi, nikalibandika juu ya lake. Mwanzilishi: Kizito Wekoye. Nimelainisha kingo zake kwa heshima. Nimempigia Kadija aje aone ukutani.

Jumamosi, 14 Juni
Aibu gani hii! Kadija alikuja na wageni, Ngari akiwa mbele. Kadija akasoma kichwa cha habari yangu: Gavana wa Kaunti ya Bungoma Awapongeza Wakulima. Akaniuliza polepole, mwaka wa 1985 kaunti ilikuwa wapi, ilhali kaunti zilianza 2013, na huyo gavana alichaguliwa na nani. Ngari alicheka mpaka akakaa chini uani. Mama Nakhungu alilowesha kitambaa, akapangusa, na karatasi yangu ikabanduka yote. Lake likatokea, zima kabisa.

Kadija alimshika mkono asiuachie. Mama akasimulia alivyopiga chapa usiku kucha, akapeleka magazeti Webuye, kisha akaisukuma baiskeli mlimani hadi Kapsokwony, peke yake, kila Ijumaa kwa miaka minane. Nilivua kofia. Sijawahi kusimama karibu na mtu kama yule, haki ya Mungu. Jina lake ndilo litakalochongwa. Na mimi akanifungia ndizi za kula njiani, akasema karatasi yangu ilikuwa nzito, ingeziba ufa vizuri.

Nimejirudi. Mimi si kitu.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada nimesikia timu ya mpira ya Kitale inatafuta historia yake. Hakuna aliye hai anayemkumbuka golikipa wa kwanza. Nimewaambia, kwa unyenyekevu, kwamba wamempata.