Pumzi Mia Mbili Kabla ya Makokha

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Presha mia na sabini. Madam Phelista, mwenye shule, anasema hawezi kumwachia basi mtu anayeweza kuzimia kwenye mteremko wa Kimilili akiwa na watoto hamsini nyuma. Ijumaa napimwa tena Bungoma. Nikizidi mia na arobaini, basi anapewa Makokha, dereva wa akiba, nami nakwenda kulinda geti. Baada ya miaka kumi na moja ya usukani! Sista Everlyne, nesi mstaafu hapa Matisi, amenipa dawa: kila asubuhi niketi kimya dakika ishirini nikihesabu pumzi. Nikifika kumi, narudi moja. Kazi ndogo.

Jumanne, tarehe 4

Kumi imenishinda. Nilifika nne, nikakumbuka tairi la nyuma. Nikaanza upya, nikafika sita, nikamkumbuka Makokha. Mara ya tatu nilijikuta thelathini na tisa, na sijui kumi niliipita wapi. Kibaya zaidi, tunaketi kwa Sista watu kadhaa, na Makokha naye anakuja, ati mgongo unamsumbua. Anaketi mkeka wa mbele, mabega yamelegea, uso wa mtu aliyeshiba. Sista amemsifu mbele yetu sote. Mgongo gani? Huyo anafanyia mazoezi kiti changu.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata njia. Punje mia mbili za mahindi kwenye sahani ya kushoto. Kila pumzi, punje moja inahamia kulia. Sahani ikibaki tupu, dakika ishirini zimekwisha. Nimefanyia nyumbani, uani, macho nimefumba, nimetulia kabisa. Nikasikia kitu kinadonoa. Kufumbua macho, jogoo wa mke wangu Sellah anakula pumzi zangu. Nimemfukuza hadi kwa jirani Daud. Sellah amecheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza, "Si ukae tu, Baba Ivy? Kwani ni lazima umalize?" Sellah haelewi mambo ya kazi.

Alhamisi, tarehe 6

Kwa Sista, pamoja na sahani zangu. Punje mia mbili kwa dakika sita! Makokha alikuwa bado amefumba macho, hana habari. Kisha vidole vikafa ganzi, nyumba ikazunguka. Sista amenilaza mkekani akaniambia hizi si mbio. Sawa. Lakini nani alimaliza kwanza?

Ijumaa, tarehe 7

Bungoma. Makokha ndiye aliyetuendesha, mimi na Madam. Kwenye benchi nilivuta pumzi haraka haraka, nyingi iwezekanavyo kabla sijaitwa. Presha mia na themanini na nane. Daktari Kizito alipima mara mbili, akauliza kama nimekuja kwa miguu kutoka Kitale. Makokha naye akapimwa: mia na kumi na nane. Madam amempa basi papo hapo. Nimelia chooni. Humu daftarini sina wa kumficha.

Jumatatu, tarehe 10

Geti. Makokha alisimamisha basi kunisalimia. Kumbe amemwomba Madam nipimwe tena baada ya mwezi. Nikipona, kiti ni changu. Akaninong'oneza, "Usiharakishe, mzee. Pumua pole pole tu." Nimemshukuru kwa moyo wote. Ni kweli, haraka ndiyo iliyoniponza, sitarudia. Alipokuwa akiongea na mwalimu dirishani, nilimtazama kifua huku nimeshika saa. Pumzi kumi kwa dakika. Mchana nimejaribu mimi: tano! Walimu wawili wamenimwagia maji na kuniinua kutoka chini. Kesho tatu.