Kabati la Vioo ni la Marehemu

Siku ya kwanza, 5 Mei 2025

Nimekataliwa! Mimi, Alexis, mwanafunzi wa zamani wa koleji, kisha sekretari wake mpaka nilipostaafu!

Leo nimempelekea Madame Préfet Huguette, mkuu wa koleji, habari njema: naipa koleji karatasi zangu zote. Barua zangu kwa wizara (hakuna iliyojibiwa, lakini mtindo wake!). Ripoti ya vyoo. Menyu za refekta, pale wanafunzi wanapolia chakula. Hotuba zangu za mwisho wa mwaka, hata zile nilizokatizwa katikati. Ziwekwe ndani ya kabati la vioo, pale mlangoni mwa maktaba, jina langu juu.

Kanisikiliza. Kasema asante. Kisha kasema kabati lile ni la marehemu. Padri mwanzilishi yumo, mwalimu wa hesabu yumo, wote wamelala. Papa Alexis, kasema, wewe bado unapumua, subiri kidogo.

Nisubiri nini? Nikifa, nani atawaonyesha kurasa nzuri?

Mbaya zaidi, Dominique alikuwa amekaa pale. Ni mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa zamani. Tuliketi benchi moja tangu utoto, na tangu utoto ananiudhi. Kasema nimtafute mama muuza kalanga, yeye huwa anahitaji karatasi za kufungia. Nimecheka kwa heshima. Moyoni nimemfukuza chamani.

Siku ya tatu, 7 Mei

Nimepata akili! Karatasi zikitoka nyumbani kimya kimya, ni takataka. Zikitoka kwa sherehe, ni urithi! Siku ya posho, Jumamosi hii, nitaita wanafunzi wa zamani wote hapa kwangu, mtaa wa Annexe. Watazisindikiza mpaka koleji kwa wimbo. Mbele ya watu wote hao, Madame Préfet atathubutu kufunga kabati?

Victorine, mke wangu, kasema urithi huo umejaa chini ya kitanda chake, hata viatu vyake havina pa kukaa, basi uende, hata leo. Naye yuko upande wangu.

Siku ya tano, 9 Mei

Kazi, kazi! Turubai limefungwa. Viti nimeazima parokiani. Picha yangu kubwa, ile ya kravati, tai ya koleji, nimeitundika mlangoni na kuizungushia kitambaa. Cheusi tu ndicho kilichokuwa safi. Chini yake maua. Barabarani nimepanga matawi ya mchikichi, toka kona mpaka kwangu, wageni wasipotee. Inapendeza.

Nimewatumia wote ujumbe: kesho asubuhi, nyumbani kwa Papa Alexis, kila mtu na kravati yake. Kisha umeme ukakatika, simu ikazimika. Majibu nitayasoma baadaye.

Jirani yetu Adolphine kapita. Katazama matawi, katazama picha, kashika kichwa, kaondoka mbio. Wivu.

Siku ya posho, 10 Mei

Mawe! Mawe! Ole wangu!

Victorine kaenda soko. Mimi niko bafuni nyuma ya nyumba, sabuni mwili mzima. Nasikia kilio. Nikajiuliza ni nani huyo asiye na adabu, kafa siku yangu. Nikachungulia juu ya mabati. Turubai langu limejaa watu! Adolphine amekaa chini, analia: Papa Alexis ametuacha, muntu muzuri! Juzi aliniita mchoyo.

Ndipo nikaelewa. Turubai, viti, picha, matawi barabarani. Hapa Lubumbashi hata mtoto akiona matawi barabarani anajua kuna kilio, kuna msiba, apunguze mwendo. Mimi mwenyewe nimepunguza mwendo maisha yangu yote!

Ningetoka. Kweli ningetoka. Lakini Dominique alisimama kuhutubu. Kasema Alexis alikuwa mtu wa shida. (Nikashika ndoo.) Kasema mwaka ule walimu walipogoma, ni Alexis aliyepiga kengele kila asubuhi, hata bila mwanafunzi mmoja, na bila yeye koleji ingekufa. Kasema hakuwahi kumwambia. Akalia, makamasi na yote. Mtu anatokaje katikati ya hotuba kama hiyo? Nikaketi juu ya ndoo, nikalia pia. Sabuni ikaniingia machoni.

Kisha Madame Préfet kasema kabati la vioo ni langu, leo hii. Nimeshinda! Wakabeba makartoni ya karatasi zangu, wakaanza wimbo wa koleji. Wakakosea ubeti wa pili. Nikavumilia. Wakarudia, wakakosea tena.

Nikatoka na taulo. Nikawaambia si hivyo!

Lo! Viti vilianguka. Adolphine aliruka ua. Dominique peke yake hakukimbia. Kanishika uso, kanishika masikio. "Uko muzima? Uko muzima kweli?" Akanikumbatia na povu langu lote, suti yake nzuri ile.

Victorine akafika mbio, bila kikapu, kiatu kimoja. Kwenye kona walikuwa wamempa pole ya ujane. Kanipiga kofi. Kisha hakuniachia mkono mpaka jioni. Sijawahi kufurahi hivi kuwa hai.

Nilimwogopa Madame Préfet tu. Angeniita mwongo, angenifungia geti la koleji mpaka nife kweli. Kaamuru makartoni yarudi ndani, sheria ni sheria. Kisha kakaa, kacheka mpaka machozi. Kasema afadhali karatasi chini ya kitanda na Papa Alexis juu yake. Tukapika bukari, ugali wetu, kwa unga walioleta wa kilio. Tulishiba.

Siku ya Mungu, 11 Mei

Nimetoka misa ya shukrani. Victorine kaniapisha: hakuna tena sherehe, hakuna turubai. Nimeapa kwa moyo mweupe. Mungu ni mwema.

Hotuba ya Dominique nimeiandika yote, iko ndani ya kartoni. Ila mwisho wake sikuusikia vizuri, kwa sababu ya sabuni masikioni. Na Madame Préfet hakupata hata nafasi ya kusema yote aliyokuwa nayo moyoni. Inasikitisha.

Turubai hapana, nimeapa. Lakini matawi machache tu, pale kwenye kona, mwezi ujao? Matawi sikuyaapia. Na safari hii nitaoga mapema.