Vita vya Antena ya Mama Mkwe

Enyi mlioketi, nanyi mnaopita na haraka zenu, tulieni isikike habari ya Mchoraji wa Njia za Anga, bwana wa rula na pembe, ambaye marubani waliozibwa macho na mawingu humfuata bila kumwona, wakipaa alikosema wapae, wakigeuka alikosema wageuke. Shujaa aliyeiamuru mbingu nzima akiwa juu ya kiti cha ofisini, na ambaye maishani mwake hakupata kupanda kitu kirefu kuliko kiti hicho.

Asubuhi hiyo wapimaji walimletea habari ya adui. Ndege inayokuja kutua, isipouona uwanja kwa mawingu, huacha kutua na kupanda tena kwa njia iliyochorwa, na njia hiyo haitakiwi kuguswa na kitu. Sasa mlingoti mpya wa antena ya televisheni ulikuwa umechomoza ndani yake kwa kadiri ya mkono mmoja. Usiposhushwa kabla ya jioni, mchoro wa njia hiyo ungefutwa, na siku za mawingu ndege zingerudi na abiria wao zilikotoka. Na mlingoti huo ulisimama juu ya paa la nani? La mama mkwe wake.

Alimwendea kwa unyenyekevu wa balozi, akamweleza pembe na miinuko, akamchorea kwa kidole mezani. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema fundi wake amesafiri, na mgeni hamruhusu kukanyaga bati lake.

"Kama ndege zako zina haraka, baba, ngazi iko nyuma ya jiko. Ila picha ikipotea, huondoki hapa mpaka uirudishe."

Shujaa akashika spana kama upanga, akapaa. Kidato cha kwanza kilisalimu amri, cha pili kikafuata. Katikati ya ukuta akaikumbatia ngazi.

"Umefika?" mama mkwe aliuliza kutoka chini.

"Sioni kitu, mama. Nimefumba macho."

"Na rubani wako asiyeona, umemwandikia afanye nini?"

Alikuwa amemwandikia vizuri sana: asilazimishe, aondoke, azunguke, aje upya.

"Basi zunguka. Hakuna atakayekucheka. Labda mkeo, nikimpigia simu."

Akashuka. Akaizunguka nyumba, akapita tangi la maji na kamba ya nguo, akageuka kushoto kila kona kama alivyozoea kuwaamuru wengine, akairudia ngazi macho wazi, akiutazama mlingoti tu. Safari hii alifika. Nati ikalegea, mlingoti ukashuka ukikwaruza, na masikioni mwake ukwaruzo ule ulikuwa kishindo cha majeshi yakitupa silaha.

"Picha imekuwa nzuri kuliko mwanzo," ilisema sauti ndani ya nyumba. "Shuka, chai inapoa."

Alasiri mawingu yalishuka. Ndege moja ilikuja, haikuuona uwanja, ikapaa tena, ikapita salama juu ya antena. Basi na ikumbukwe vizazi na vizazi kwamba siku hiyo mbingu ilikombolewa kwa mkono mmoja. Rubani hakujua. Mama mkwe aliongeza sauti ya televisheni. Naye mkombozi alikuwa bado juu ya bati, akitafuta njia ya kushuka, ambayo hakuna aliyekuwa amemchorea.