Pikipiki ya Muda na Bwana Kaimu

Ninayo furaha kuutangazia umma kwamba Idara ya Vyombo vya Kigeni Vilivyomo Nchini kwa Muda imelimaliza kabisa tatizo la muda. Kuanzia Jumatatu iliyopita, chochote cha muda kilichopitiliza muda wake huondolewa kilipo na kuwekwa uani, hadi mkurugenzi kamili atakapoamua vingine. Agizo nimelisaini mwenyewe, kwa wino wa kijani.

Wa kwanza kunufaika alikuwa daktari wa mifugo, mama mmoja mgeni aliyekuja na pikipiki yake kutoka kwao. Viza yake iliongezwa bila shida. Pikipiki ndiyo iliyoleta maneno, maana kibali chake huongezwa ikiwa nje ya mpaka tu, na haiwezi kuvuka mpaka bila kibali. Utaratibu huo ni mzuri sana. Niliubuni mimi. Basi kibali kikaisha, pikipiki ikapelekwa uani.

Aliingia ofisini ameshika helmeti, matope hadi magotini.

"Bwana Kaimu, kuna ng'ombe amekwama kuzaa kule mlimani. Gari halifiki. Niachie pikipiki yangu."

Mlango wangu umeandikwa KAIMU MKURUGENZI. Maskini, alidhani Kaimu ni jina nililopewa na baba yangu. Sikumsahihisha, kwani hata mashemeji huniita hivyo siku hizi.

"Pole, daktari. Usijali, ni kwa muda tu."

"Basi futa hilo agizo."

"Kaimu anasaini, hafuti. Kufuta ni kazi ya mkurugenzi kamili."

"Yuko wapi?"

"Hajateuliwa. Niliwekwa hapa kwa miezi sita, na huu mwaka wa tano bado wanamtafuta."

Akanikodolea macho. "Kwani kaimu maana yake nini?"

Napenda wageni wanaojifunza lugha. Nikaegemea kiti, nikamweleza kwa sauti ya kusikika korido nzima: kaimu ni mtu aliyeshika nafasi kwa muda.

Mlangoni walisimama wapagazi wawili wa idara, waliokuja kunikabidhi funguo za pikipiki. Wakatazamana.

"Bosi," mmoja akauliza kwa adabu zote, "wewe hujapitiliza?"

"Agizo linasema chochote. Mimi ni mtu. Mimi ni yeyote."

"Ni kweli, bosi. Lakini cheo ni chochote. Na wewe umo humo ndani."

Nikashika kalamu nilifute agizo. Kalamu ninayo, wino ninao, uwezo sina.

Walininyanyua pamoja na kiti changu, taratibu, chai yangu isimwagike, wakanitua uani kando ya pikipiki. Nakiri niliumia, ingawa kama kiongozi nilifurahi kuona agizo likitekelezwa haraka hivyo. Funguo nazo, kwa kuwa ofisini hakukuwa na wa kukabidhiwa, zilirudishwa kwa mwenyewe.

Daktari akavaa helmeti, akapiga kiki. Kabla ya kuondoka akaniinamia, uso umejaa huruma ya kweli.

"Pole, Bwana Kaimu. Usijali, ni kwa muda tu."