Kisiwa Kisichokuwa na Mwenyekiti

Jumatatu, 2 Septemba

Vita! Mbak Laksmi, mhariri wa gazeti letu, ameniita ofisini. Jumamosi kuna mdahalo ukumbini: mchezo wa kompyuta uweje ndipo ustahili kuitwa wa mchangani? Yaani ile michezo unayoachiwa kama mtoto kwenye rundo la mchanga, ujenge utakacho. Atakayeshinda atapewa safu ya ukurasa wa mwisho. Safu yangu! Nimeiandika tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mpinzani: Bu Palupi, mama anayefundisha hesabu, ambaye kila nikiandika hutuma barua ya kunisahihisha. Laksmi anadai barua zake zinasomwa kuliko safu.

Msimamo wangu uko wazi. Uhuru mtupu! Pasiwe na lengo, alama, uzio wala amri. Michezo inayopendwa hapa mjini Salatiga yote ni ya uongo. Unapewa shoka, kisha unaambiwa kata mti. Huo si mchanga, ni ajira.

Hila: nitaunda mchezo wangu, majirani waucheze wiki nzima, Jumamosi niwaonyeshe watu ukutani maajabu ya binadamu asiyeamriwa. Mas Tejo wa duka la intaneti ana programu ya kuundia dunia. Amekubali, mradi majirani wanunue kahawa kwake.

Jumanne, 3 Septemba

Kisiwa tayari. Nimekiita Merdeka: uhuru. Mto, miti, mawe, kuku, upepo. Lengo? Hakuna hata chembe. Majirani wameketi mbele ya kompyuta, ndizi za kukaanga mkononi. Wangefanya nini? Minara? Uharamia?

Pak Dirman, mzee wetu muuza tempe, vile vipande vya soya, alisimama kisiwani kama mlingoti. Kisha akauliza aripoti kwa nani. Mgeni sharti aripoti kwa mwenyekiti wa mtaa, haingii tu kama paka! Nikamwambia hakuna mwenyekiti, hakuna mtaa, yuko huru. Wakatazamana, wakanionea huruma.

Kufika alasiri walikuwa wamepiga kura. Mwenyekiti: Bu Palupi! Nani alimwalika? Mimi sikupata kura hata moja. Hata yangu, maana nilikuwa nimesimama juu ya kiti nikieleza kwa nini kura hazihitajiki.

Jumatano, 4 Septemba

Wamejenga lango. Kibanda cha mlinzi. Benchi. Leo wametangaza usafi wa pamoja, kama Jumapili zetu za mtaani. Wamepewa dunia nzima, wanafagia!

Ila kuna jambo limenishangaza. Nilimuuliza Tejo kama aliweka mafagio. Hakuweka. Walifunga vijiti kwa mizizi. Majani yanasogea kwa sababu upepo huyasogeza, na kinachosukumwa na upepo kinasukumwa na chochote. Tejo mwenyewe hakujua. Kisha Bu Palupi akapanga mawe mtoni. Maji yakapinda, yakayachukua majani yote hadi baharini. Akacheka kama msichana. Nikasogeza kiti. Nikauliza, je, akiongeza jiwe moja tu? Akaliongeza. Maji yakaingia bandani kwa kuku! Tukacheka mpaka Tejo akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani nilipokumbuka kwamba yule ni adui.

Alhamisi, 5 Septemba

Hila mpya: hofu. Nimemwambia Tejo aachilie nyati mkali. Watatawanyika, kila mtu ataishi anavyojua, uhuru utazaliwa.

Hawakutawanyika. Wakapanga zamu. Wakamlisha majani, wakamzoesha, wakamfunga jembe walilobuni wenyewe. Sasa kuna shamba la mpunga. Nyati wamempa jina: Gunarto. Jina langu! Nikadai maelezo. Pak Dirman akasema, tena bila ubaya wowote, kwamba ananguruma sana halafu hamfanyi mtu kitu.

Nikaingia kisiwani mwenyewe kulalamika. Nikazuiwa langoni. Mlinzi akasema: Pak, wewe huku ni mgeni, keti kwanza, mwenyekiti anakuja. Kwenye kisiwa changu! Nikaketi. Ni benchi nzuri, sikatai. Unaona mto wote.

Ijumaa, 6 Septemba

Siku imebaki moja. Nikionyesha kibanda cha mlinzi na mafagio, nimekwisha.

Nimemwamuru Tejo aondoe mizizi, wasifunge chochote. Akauliza: kisiwa cha uhuru, Pak, na marufuku tena? Nikamwambia ni marufuku ya kulinda uhuru. Akakuna kichwa, akaondoa. Wakafunga kwa nywele za mkia wa nyati. Nikaondoa vijiti. Wakafagia kwa kuku. Kwa kuku! Wanaliswaga kundi zima, mabawa yanapeperusha majani. Nikataka kuku waondoke. Tejo akagoma. Alisema sasa na yeye anataka kuona mwisho wake.

Bu Palupi akaja kwenye kiti changu. Akauliza, tukifanya unayoyapenda wewe tu, Pak Gunarto, mchanga huu ni wa nani? Nikamwita mchochezi. Akaniletea kahawa. Nikainywa kwa hasira.

Jumamosi, 7 Septemba

Ukumbi ulifurika. Nikanguruma. Uhuru! Pasiwe na lengo! Pasiwe na uzio! Makofi ya wastani.

Akasimama yeye. Alisema kukosa uzio si kitu, hata chumba kitupu hakina uzio ndani. Mchezo wa kweli wa mchangani, alisema, utaujua kwa mambo mawili. Vitu vyake vinajibizana bila kumwomba ruhusa aliyeuunda. Na wachezaji wanajitafutia kazi ambayo muundaji hakuiota, na wanaiweza. Hata sheria ni ngome mojawapo ya mchanga: wameijenga, wataibomoa. Kisha akanyoosha kidole ukutani, kisiwa kilipokuwa kikionyeshwa. Mchezo bora wa aina hiyo niliowahi kuucheza, akasema, ni ule pale, na aliyeutengeneza ni Pak Gunarto.

Ukumbi mzima ukasimama. Makofi kwa ajili yangu! Pak Dirman alipiga mluzi. Mbak Laksmi alikuwa akitabasamu, kalamu juu, akisubiri neno langu la mwisho. Nilichotakiwa kusema ni ahsante.

Lakini kupokea sifa ile ni kukubali hoja yake! Nikanyakua kipaza sauti. Nikathibitisha, nukta kwa nukta, kwamba Merdeka si mchezo wa mchangani hata kidogo. Kwamba muundaji wake aliingilia kila kitu. Kwamba alitia nyati, akaondoa mizizi, akaondoa vijiti. Sijawahi kuzungumza vizuri hivyo maishani.

Wote wakakubali nimewasadikisha. Safu amepewa Bu Palupi.

Jumapili, 8 Septemba

Pak Dirman amepita na tempe za moto. Anasema kisiwani kuna bwawa la kuchimba, wananihitaji, na mwenyekiti amenitengea nyumba karibu na ile benchi. Nimekataa. Siwezi kuishi chini ya serikali ya mafagio.

Kosa nimeliona. Niliwaacha bila ulinzi, wakauharibu uhuru. Tejo ananiundia kisiwa cha pili. Huku hakuna kuchagua mwenyekiti, ni marufuku, na ili marufuku isimamiwe nimejiteua msimamizi. Nimejenga lango. Kila anayeingia ataripoti kwangu, nimhakikishie kwamba yuko huru.

Mpaka sasa hajaja mtu. Ila nyati nimemhamisha, na jina nimembadilisha: Palupi. Nimemfunga kwenye mti. Kesho nitamfungua nione atakwenda wapi, na atafanya nini ambacho sijakifikiria. Nina hamu kweli, usingizi hauji.

Mradi asivuke uzio.