Moto Nyuma ya Nyumba

Jumapili, 1 Agosti 2004. Maretadu.

Tekla, mke wangu, ameingia mwezi wake wa kujifungua. Mimi sina ajira. Maombi yangu ya kazi katika huu mkoa mpya, bila shaka, yanawashia mtu jiko huko Babati. Lakini jina la mzaliwa wangu wa kwanza halitategemea ofisi yoyote. Litakuwa jina la moto. Nimeyakusanya tangu chuoni: Ignasi la Kilatini, Serafina la Kiebrania, Azar la Kiajemi, Agni la Kisanskriti, Aidan la Kiayalandi. Yote yanawaka!

Sitaki mwanangu ayapate yaliyonipata. Nilibatizwa Basili, jina lenye ufalme ndani yake. Nyumbani naitwa Bura, yaani pombe kwa lugha yetu, kwa kuwa siku niliyozaliwa babu alikuwa amepika. Msomi wa shahada, na bado Pombe.

Nikayawasilisha majina wakati wa chakula. Bibi Genoveva, mama yake baba, ndiye huwapa majina watoto wa ukoo mzima. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza kama hao ni watu wa kijiji cha Tumati. Akasema mtoto hupewa jina la jambo linalomkuta akifika: mvua, njaa, mgeni, pombe. Nikapinga kwa hoja. Akanyoosha sahani aongezewe maharage.

Jumanne, 3 Agosti.

Nimepata ufumbuzi. Ikiwa jina hufuata tukio, na tukio huweza kuandaliwa, basi jina huweza kuandaliwa. Nimeikagua hoja hii pande zote. Haina tundu.

Nimeanza kulundika kuni nyuma ya nyumba. Uchungu ukianza, nitawasha moto ambao ukoo haujapata kuuona. Tekla akauliza kuni zote hizo ni za nini. Nikamjibu kuwa ni za kuchemshia maji ya mzazi. Akanitazama kwa upendo ambao sijauona tangu mahafali. Nikaupokea.

Tatizo ni Xavery, jirani yetu. Huyu aliishia kidato cha pili, ana ng'ombe wanono, na hukosi kumsikia akicheka. Mabua yake ya mahindi, chakula cha ng'ombe hadi mvua zije, ameyarundika kwenye ua unaotutenganisha. Nikamwomba ayahamishe, nikamweleza kanuni za mwako. Akasema ng'ombe wake hawajasoma, hawatayaelewa mabadiliko.

Alhamisi, 5 Agosti.

Fedheha. Alfajiri Tekla aliguna, nikawasha. Kumbe alijigonga kidole kwenye kinu. Moshi ukapanda, majirani wakaja kwa furaha, wengine na vibuyu vyao. Wamekaa hadi jioni wakisubiri pombe. Nikawaeleza kwamba hakuna pombe. Mzee mmoja akasema haiwezekani, kwa Bura ikose pombe.

Nimekusanya kuni upya. Mikono ina malengelenge.

Jumapili, 8 Agosti. Yaeda Chini.

Ndiyo. Yaeda Chini. Naandika zizini kwa mfugaji mmoja mzee aliyenipa maziwa bila kuniuliza cheti.

Jana uchungu ulianza kweli. Bibi akaingia na mkunga, mlango ukafungwa. Nikawasha. Moto ukasimama juu kuliko paa! Nilisimama mbele yake nikiyatamka majina yote, na kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha ukaja upepo wa Agosti. Ukauchukua moto kwa adabu, ukaukabidhi kwa mabua ya Xavery.

Kijiji kizima kikatoka na matawi mabichi. Xavery akatoka na fimbo. Nilitafakari hali kwa makini, nikashuka bondeni.

Mzee ameniuliza nimefuata nini huku. Nikasema utafiti. Akauliza nyumbani nimemwacha nani. Nikamweleza, pamoja na hoja zangu. Akaniongezea maziwa, kama anayemhurumia mgonjwa.

Sijui kama mtoto amezaliwa. Sijui kama Tekla ni mzima. Sikulala.

Jumatano, 11 Agosti. Maretadu.

Tekla ni mzima. Mtoto ni wa kiume. Anaitwa Safari.

Nilimpa Bibi shikamoo, kisha nikamuuliza iwapo hakuuona moto ule, ambao Xavery anasema ulionekana hadi mlima wa pili. Akasema moto hakuuona, alikuwa ndani na mke wangu. Mtoto alipolia, alifungua mlango aniite nije kumpokea. Akaambiwa nimesafiri.

Nikamwambia, kwa usahihi wa lugha, kwamba sikusafiri, nilikimbia.

“Mjukuu wangu,” akasema, “naweza kumwita Mkimbizi, ukipenda.”

Nikakubali Safari.

Lilibaki jina la ubatizo la mtoto. Nikaingia kwa Tekla, nikampendekezea Ignasi. Hakuinua macho kutoka kwa mtoto.

“Nilikuita,” akasema. “Nilikuita, Basili, mpaka sauti ikakauka. Aliyeitika nje ni Xavery, na mabua yake yanaungua.”

Nikaliondoa Ignasi. Mtoto atabatizwa Nikolausi, jina la babu yake mzaa mama. Wazee nao wameamua nitawakatia ng'ombe wa Xavery majani hadi mvua zinyeshe. Anapita akinisalimia: “Habari za utafiti, Baba Safari?” Sasa kijiji kizima kinaniita hivyo. Hata mama yangu.

Jumapili, 22 Agosti.

Ubatizo. Nilisimama nyuma kabisa, mikono ikinuka majani. Maji yalipomgusa, mtoto alipiga ukelele uliomfanya padri arudi nyuma. Waumini walicheka. Mimi sikucheka. Kitu gani hulalamika hivyo kikimwagiwa maji? Kiini chake kinajulikana.

Baadaye Tekla aliniruhusu nimbebe hadi nyumbani. Ni mzito kuliko nilivyodhani. Alilala kifuani mwangu njia nzima, na nikatembea polepole kuliko ilivyohitajika.

Usiku huu nimelipitia jambo zima bila upendeleo. Hoja ilikuwa sahihi. Upepo ulikuwa bahati mbaya. Kosa ni moja tu: moto niliuweka nyuma ya nyumba, Bibi akafungua mlango wa mbele.

Wa mtoto wa pili nitauwasha mlangoni.